Jioni ya Nyegezi Ambayo Haikuwapo

Gerezani, Mwanza
Februari 12, 2023

Mpendwa Shangazi Evelina,

Shikamoo. Mimi napumua. Mgongo unauma kwa sababu ya sakafu, lakini sijaugua. Chumbani tumebanana hadi mmoja akigeuka ubavu wote tunageuka. Sijui presha yako imefikia wapi. Tafadhali meza dawa, maana najua ukiwa na hasira huwa unasahau. Baba alikuja Januari kutoka Magu, tukazungumza kidogo kupitia wavu. Anasema mvua zimechelewa na mpunga bado uko kitaluni. Gladness nisalimie, umwambie baba yake anaulizia hesabu zake.

Magazeti umeyaona? "Jambazi wa Filamu Sasa Jambazi Kweli." Wewe umeandika habari za mahakama hadi umestaafu. Hicho ni kichwa cha habari cha mtu ambaye kesi yake haijaanza kusikilizwa? Nimeigiza filamu kumi na moja, na katika zote nilikuwa jambazi, baunsa au muuaji, kwa sababu ya sura hii na shingo hii. Hakuna aliyenipa nafasi ya daktari.

Kesi yenyewe unaijua. Yule mama wa mabondo huko Kamanga anasema tarehe nane Desemba, saa moja jioni, watu watatu wenye vinyago waliingia stoo yake na mapanga, wakamfunga kamba, wakabeba mabondo yote aliyokuwa ameyakausha, vile vibofu vya sangara vyenye bei kama dhahabu. Mlinzi akavunjwa taya. Eti mmoja wao mama huyo alimtambua kwa sauti, na sauti ni yangu. Sauti inayosikika kwenye vibanda umiza vyote vya kuonyesha filamu kuanzia Nyegezi hadi Magu! Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuiigiza.

Huwa ninaikumbuka sana jioni hiyo hiyo ya tarehe nane, mkesha wa Uhuru, nilipokuwa kwako. Ulipika ugali wa udaga wa muhogo na sato wa kuchemsha, ukalalamika kwamba nyanya zimepanda bei. Tulisikiliza taarifa ya habari redioni, na nikabaki hapo hadi saa nne. Unaikumbuka? Jioni kama ile inamsaidia sana mtu aliye humu ndani.

Wakili Byabato, aliyewekwa na Baba, atapita kukuamkia.

Mwanao,
Luhende


Nyegezi
Machi 5, 2023

Luhende,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kugongwa muhuri, kama nilivyotarajia. Dawa nameza. Baba yako ameuza madume mawili ya ng'ombe kwa ajili ya wakili, na mvua zimeanza, kwa hiyo mpunga umepandwa.

Gladness nilimtembelea bwenini siku ya wazazi. Nilipokuwa naye kwenye foleni ya chakula, wasichana watatu nyuma yetu walikuwa wanasema kwa sauti nzito ile kauli yako ya filamu, "Lala chini, dunia si yako," halafu wanacheka. Yeye hakugeuka. Ameniomba abaki shuleni likizo ya Aprili.

Kuhusu gazeti, una haki. Nilimpigia mhariri. Nilimwambia mshtakiwa huitwa mshtakiwa mpaka hakimu aseme vingine, na kwamba tulifundishwa hivyo wiki ya kwanza kazini. Akacheka: "Dada Eve, lile toleo liliisha saa tatu asubuhi." Nikamuuliza kama angecheka hivyo akiandikwa kaka yake. Akasema ana kikao. Kwa hilo niko upande wako na nitaendelea kupiga kelele.

Alikuja pia Chenge, yule aliyetayarisha filamu zako mbili. Nilidhani ameleta pole. "Shangazi," akasema, "tunatengeneza stori ya maisha yake. Tunahitaji sebule aliyokulia. Ukiweza kulia kidogo, itapendeza." Nilimuuliza kama amekwenda kukuona. "Ratiba imebana, Shangazi." Nikamwonyesha geti. Akauliza kama anaweza kupiga picha ya geti.

Wakili Byabato alipita, akanywa chai vikombe viwili, akaniuliza kama Julai nitakuwa na nafasi ya kufika mahakamani Sengerema. Nilimwambia nitafikiri.

Mkono wako wa kulia umepona? Asubuhi ya sikukuu ya Uhuru ulipokuja hapa ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo. Nikauloweka kwenye maji ya moto na chumvi. Hukuniambia uliumia wapi.

Nimekutumia sabuni, kandambili na dawa ya meno.

Shangazi yako,
Evelina


Gerezani
Aprili 2, 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sabuni na kandambili nimepata, dawa ya meno imeishia njiani. Kikohozi kimezunguka chumba chetu chote, mimi kimenipitia na sasa nafuu. Kwa kumfukuza Chenge nakushukuru. Gladness umwambie asibaki shuleni. Wakicheka, acheke nao.

Lakini Shangazi, barua zinasomwa hapa! Habari za mkono umeziandika za nini? Nilipiga begi la mazoezi bila bandeji, mkono ukavimba. Bondia akivimba mkono nayo ni habari?

Tuzungumze yanayojenga. Jioni ile umeme ulikatika, si unakumbuka? Tulimalizia kula kwa tochi ya simu yako, ukawa unanisimulia uchumba wa mdogo wangu Revocatus. Byabato anasema shahidi mtu mzima, aliyestaafu, ambaye mahakimu wanamfahamu, neno lake lina uzito. Kosa hili halina dhamana, na ukipatikana na hatia ni miaka thelathini, hakimu hana ruhusa ya kupunguza. Nitatoka na miaka sitini na nne. Gladness atakuwa mkubwa kuliko mimi nilivyo leo.

Ninakereka, Shangazi, na ngoja niseme. Nilipomvunja mbavu yule bondia wa Kisumu pale Kirumba, uwanja mzima ulisimama. Watu waliimba jina langu la ulingoni, "Shimba! Shimba!" hadi barabarani. Wakubwa wakanishika mkono huu huu unaouulizia. Jicho la kushoto lilipoharibika na daktari akaninyima cheti cha kupigana, hakuna aliyekuja hata na chungwa. Nikaenda Dar nikawa jambazi wa kwenye kideo, mkafurahi tena. Kisha watu wakahamia kwenye vipande vifupi vya video kwenye simu, filamu zikakosa wanunuzi, nami nikarudi Mwanza kusimama mlangoni kwenye kumbi, nasukuma walevi. Hata hapo walevi wenyewe waliomba picha na mimi. Leo wote wanashangaa, eti Shimba amekuwaje? Walidhani nilikuwa nakula makofi yao?

Na wewe je? Nimekuuliza jambo moja tu, kuhusu jioni moja tu.

Luhende


Nyegezi
Mei 14, 2023

Luhende,

Marahaba. Presha ilipanda mwezi uliopita, sasa imeshuka. Gladness alibaki shuleni. Nilimfikishia maneno yako, akasema wewe ndiye ucheke nao. Mpunga wa baba yako umekubali kuliko mwaka jana.

Baba yako alikuja hapa na wazee wawili wa ukoo. Sikuwapikia, kwa sababu hawakunipa taarifa. Walikaa, wakazungumzia mifugo, kisha baba yako Masalu akasema, "Dada, ni maneno mawili tu. Sema alikuwepo."

Nikamuuliza, "Alikuwepo?"

"Hilo si swali la ndugu."

"Ni swali la hakimu."

"Basi mjibu hakimu kama ndugu," akasema mzee mmoja, na wote wakatikisa vichwa kana kwamba amesema jambo la maana. Nimeketi kwenye mabenchi ya mahakama miaka mingi nikisikiliza shangazi, wajomba na mama wa kambo wakimjibu hakimu kama ndugu. Nilikuwa nikiwaandika bila kuwahurumia. Sasa wamekuja kuniketisha mimi kwenye benchi hilo.

Walipoondoka niliamua kusikia upande wa pili. Nilivuka kwa kivuko hadi Kamanga, nikauliza mwaloni, pale ufukoni wanaposhushia samaki, kwa Mama Leonsia wa mabondo, nikaonyeshwa. Ni Mhaya wa Muleba, mjane, umri wake na wangu haupishani sana. Nilisimama nje ya mlango.

"Mimi ni shangazi yake Luhende."

"Najua," akasema. "Shingo ni hiyo hiyo. Ingia."

Nilimwambia kabla sijakaa kwamba sikuja kumwomba afute kesi. Akaniletea punje za kahawa za kutafuna, kama kwao wanavyompokea mgeni, akauliza, "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kusikia."

Akanieleza. Wawili walitangulia, wakipiga kelele na kupiga mapanga kwenye bati. Wa tatu alikuwa mrefu. Mlango wa stoo ni mfupi, kwa hiyo aliinama kupita, na aliponyanyuka akamkuta Leonsia amesimama mbele yake.

"Akasema, 'Shikamoo, mama.'"

"Nani?"

"Huyo huyo jambazi! Nami nikaitikia, 'Marahaba, mwanangu.' Mwenzake akageuka akamwambia, 'We fala, unamwamkia?'"

Leonsia alicheka hadi akashika mbavu, nami nikajikuta nacheka. Kisha akaacha kucheka. "Kamba ziliniumiza, mama, lakini zimepona. Kisichopona ni ile marahaba. Mtu amekuja kuniibia, nami nampokea kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nilimuuliza kama aliwaambia polisi. "Niliwaambia sauti. Shikamoo sikuitaja. Wangesema bibi anaota."

Luhende, mama yako alipofariki ulikuwa na miaka sita, na mimi ndiye niliyekulea. Nilikukataza kuvuka mlango wa mtu mzima ukiwa kimya. Ulikuwa unamwamkia hata mlevi aliyelala mtaroni. Filamu zako zote nimezitazama, na hakuna hata moja ambamo jambazi anamwamkia mtu. Aliyesema shikamoo kwenye stoo ile hakuwa wa kwenye kideo. Alikuwa mtoto wa nyumba hii.

Unajua kinachonikasirisha ni nini? Si kwamba ilikuponyoka. Ni kwamba iliitikiwa. Ulisikia mama mtu mzima anakuita mwanangu, na bado ukashika kamba. Ningeona nafuu kama ungeingia umenyamaza kama fisi.

Nilionana pia na Pius, mlinzi, kijana kutoka Ukerewe. Meno yake hayakutani upande mmoja. Anakula uji na ndizi za kuponda, na akizungumza inabidi usogee karibu. Anasema alikutambua kwa mwendo kabla hujafika mlangoni, akadhani ni filamu. Alikuita: "Shimba! Kamera ziko wapi?" Anasema kisha akageuka kuzitafuta hizo kamera, na ngumi ikatoka nyuma yake. "Shimba alinipiga kisogoni." Ndivyo alivyosema, nami nayaandika kama alivyoyasema. Alikuwa na picha yako ukutani, umevaa mkanda wa ubingwa wa kanda. Pale ilipokuwa ukuta umebaki mweupe.

Sasa jioni yako. Tarehe nane Desemba nilikuwa nyumbani peke yangu. Sikupika ugali wala sato. Nilikula mkate na chai. Umeme haukukatika. Nikisema ulikuwa hapa, hakuna mtu wa kunipinga, na ndiyo sababu mmenichagua mimi. Sitasema. Na Byabato akiniita, mwendesha mashtaka ataniuliza nilikuona tena lini, nami nitamjibu: asubuhi iliyofuata, na mkono ulikuwa umevimba.

Nimetuma dawa ya meno nyingine. Safari hii nimemkabidhi ofisa mkononi na nimemuuliza jina lake.

Evelina


Gerezani
Julai 16, 2023

Shangazi,

Shikamoo. Sikuandika muda mrefu kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Dawa ya meno imefika. Nimepungua mwili, suruali naifunga kwa kamba ya katani. Baba amekuja, anasema jina lako halitajwi tena nyumbani kwake Magu. Mimi sikumtuma aseme hivyo.

Habari ya shikamoo siijibu. Tanzania nzima inaamkia.

Lakini hili la Pius siwezi kulinyamazia, nimelala nalo tangu barua yako ilipofika. Nimepigana tangu nina miaka kumi na mitano. Sijawahi kumpiga mtu kisogoni maisha yangu yote! Si ulingoni, si kwa walevi mlangoni, si popote. Kisogoni anapiga mwoga. Ngumi hiyo inaua, refa anakutoa na watu wanakutemea mate ukipita. Mwambie Pius aache uongo wake. Alikuwa ananitazama usoni, anacheka, ameshusha tochi. Ilikuwa ya pembeni, mkono wa kulia, moja tu. Alipoanguka nilimlaza kwa ubavu ili damu isimpalie. Na mtu akipigwa kisogoni taya ya kushoto inavunjikaje? Muulizeni daktari yeyote! Niiteni mnavyotaka, lakini rafu sikucheza.

Kesi imesogezwa hadi Septemba. Jina lako bado liko kwa mashahidi wangu. Fikiri tena.

Luhende


Nyegezi
Julai 30, 2023

Luhende,

Marahaba. Presha iko juu na sijui nimlaumu nani, kwa hiyo nakulaumu wewe. Gladness amekuwa wa nne darasani. Anataka kusoma sheria, sikumshauri lolote.

Ndani ya bahasha hii, ambayo Byabato atakukabidhi mkononi bila kuifungua, nimekurudishia barua yako. Isome pale unapomzungumzia Pius. Isome polepole, kama mtu mwingine ameiandika. Askari aliyeigonga muhuri ama hakuisoma ama hakuielewa. Mimi nimeisoma mara moja, ikatosha.

Tangu Februari unaniandikia jioni ambayo haikuwapo. Ulikuwa makini hadi bei ya nyanya uliikumbuka, hadi tochi ya simu. Uliitwa mwizi, ukabaki mtulivu. Niliposema mama mtu mzima alifungwa kamba, ukajibu kwamba dawa ya meno imefika. Niliposema kijana anakula uji kama mtoto, ukanyamaza miezi miwili. Lakini ulipoambiwa umevunja sheria za ngumi, ukashika kalamu na kusema kweli. Hiyo ndiyo heshima uliyobakiza, na umeitumia kujitetea mbele ya mtu uliyemvunja taya! Unamdai Pius akuombe radhi?

Nilivuka tena kwenda Kamanga, kwa sababu maelezo mawili yakipingana mwandishi hurudi. Pius hakudanganya. Anakumbuka kucheka, anakumbuka kukuuliza kamera, na baada ya hapo anakumbuka dari la hospitali. Yaliyo katikati ameyajazia mwenyewe, kwa sababu hakuamini kwamba Shimba angempiga huku anamwona anacheka. Tabibu aliyempokea anakubaliana na wewe: taya ya kushoto, kutoka mbele. Kwa hiyo umemsahihisha. Nilimwambia Pius hivyo, bila kumwambia nimejuaje. Aliinama kidogo, kisha akasema, "Basi alikuwa ananiona."

Sikubaki na nakala ya barua yako. Usinishukuru, si upole. Sitaki ufungwe kwa karatasi uliyoandika ukiwa na hasira. Nataka useme mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya hakimu. Lakini uelewe jambo hili vizuri, na Byabato umwelezee: mkiniita na nikaulizwa kama umewahi kukiri, nitajibu ndiyo.

Evelina


Gerezani
Oktoba 8, 2023

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Wamenihamishia upande wa wafungwa, nimepewa sare, na suruali hii inanikaa.

Nilimwambia Byabato akufute. Alishika kichwa. Nikamweleza sababu, akaniambia yapo makubaliano ambayo mtu anaweza kufanya na upande wa mashtaka akikiri na kuwataja wenzake. Nimewataja. Mmoja amekamatwa Geita, mwingine bado. Wamenibadilishia shtaka, panga limeondolewa, nimepata miaka kumi na miwili. Byabato alinipongeza. Nilitaka kumpiga.

Nieleze ilivyokuwa, maana sasa hakuna tena cha kuficha. Waliniambia sitagusa kitu. Waliniambia niingie tu nisimame, mwili wangu unatosha, kama kwenye filamu. Nikaona ni kazi kama zile nyingine. Hata kinyago walinipa wao. Yule kijana alipouliza kamera ziko wapi, nilitaka kucheka, Shangazi. Halafu nikaelewa kwamba ananijua, na mkono ukaenda.

Chenge alikuwepo mahakamani na simu yake, anarekodi. Askari wakamtoa. Baba hakuja. Mama Leonsia alikuwa benchi la mbele na hakunitazama hata mara moja. Uliniambia niseme kwa mdomo wangu, nimesema. Ulitaka iwe hivi na imekuwa hivi. Ndugu wengine wanawatafutia watoto wao njia ya kutoka. Wewe ulinirudishia barua yangu kwenye bahasha. Sitasema sina uchungu.

Ninaomba jambo moja. Uniandikie kwamba umenisamehe. Hata mstari mmoja. Humu ndani mtu anahitaji karatasi ya kuishika.

Luhende


Nyegezi
Oktoba 29, 2023

Luhende,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza na paa la jikoni linavuja. Revocatus ameoa jana huko Magu. Sikualikwa, nilisikia kwa majirani kwamba walichinja ng'ombe wawili na kwamba baba yako alicheza. Gladness amesoma hukumu yako gazetini. Aliniuliza maana ya neno "kukiri", nikamweleza. Safari hii waliandika vizuri: jina, kosa, kifungo, hakuna kelele. Nimempigia mhariri kumshukuru. Alidhani nimepiga ili nigombe.

Umeandika kwamba nilitaka iwe hivi. Sikutaka. Nilitaka uwe daktari wa meno, unajua hilo, na nilitaka uzeeni unipeleke kliniki. Sikutaka kukaa kwenye nyumba hii nikiwa sina ndugu wa kuzungumza naye kwa sababu nilikataa kula sato ambaye sikumpika. Usiniwekee matakwa ambayo sikuwa nayo.

Umeandika pia kwamba mkono ukaenda. Mkono hauendi. Umefundishwa miaka mingi kuuzuia na kuuachia kengele ikilia, na watu wamelipa kiingilio kuona unavyoweza. Uliuachia. Ukiandika tena habari hiyo, andika hivyo.

Nitakuja kila watakapofungua milango ya wageni, hadi miguu ikatae. Nitaleta sabuni. Hilo ni la shangazi na halina masharti. Lakini mstari unaoutaka sitauandika, kwa sababu mimi sikuvunjwa kitu. Mwaka huu wote umekuwa ukiandika, kurasa nzima, na kila ulichoandika kimekuja Nyegezi, kwa mtu anayekupenda tayari. Hakuna hata mstari mmoja uliovuka kwenda ng'ambo ya pili.

Pius ameacha ulinzi. Anashona nyavu kwa Leonsia, na kazi hiyo haimlazimu kuzungumza na mtu. Barua zinamfikia kupitia kwake: Mama Leonsia wa mabondo, mwalo wa Kamanga, Sengerema. Usimweleze habari za jicho lako, wala za filamu, wala ulivyomlaza kwa ubavu. Na andika kwa herufi zinazosomeka. Ulichomvunja ni taya, macho anayo.

Shangazi yako,
Evelina